Madaftari Mawili: Kwa Anayeanza Kusoma Saikolojia Nakuru

Kabla hujafunga godoro na sufuria za kwenda chuoni, nunua madaftari mawili. La kwanza ni la mihadhara, na hilo kila mwanafunzi analo. La pili liwe dogo, la kuingia mfukoni, na usiandike humo neno hata moja la mhadhiri. Andika unachokiona na unachokisikia: makanga anavyomvuta abiria wa Njoro aingie gari ambalo bado halijajaa, mtoto anavyonyamaza akipewa simu, maneno anayotumia jirani kueleza kwamba usiku hakulala. Weka siku, saa na mahali. Usiweke jina la mtu, maana daftari likipotea litageuka umbeya. Na usieleze kwa nini. Andika lililotendeka na lililosemwa, basi. Ukidumu nalo muhula mmoja utaanza kupata jicho la kutenganisha ulichokiona na ulichokidhania. Vitabu vyote vya mwaka wa kwanza vinajaribu kukupa jicho hilo.

Wengi huingia kozi hii na picha isiyo yake. Wako wanaodhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu. Wako waliokuja kutafuta dawa ya jambo lililowaumiza nyumbani, nami siwalaumu hata kidogo, nitawarudia. Na wako walioletwa na alama tu: waliomba sheria, KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, ikawapa saikolojia. Makundi yote matatu hupata mshtuko uleule mapema katika muhula wa kwanza, ubao unapojaa hesabu.

Ni kwa sababu saikolojia ni elimu ya kupima. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, maswali yenyewe hayakuwa mapya. Kwa nini mtu hukasirika, kwa nini husahau, kwa nini hujua lililo jema asilitende: wazee wa kila jamii walikuwa wameyajadili tangu zamani. Kipya kilikuwa sharti. Ukisema jambo kuhusu watu, onyesha ulivyolipima, ili mwenzako aweze kulipima tena na kukuambia kama ulikosea.

Jina la kozi lisikudanganye

Nakuru na viunga vyake hakuna uhaba wa vyuo. Egerton iko Njoro. Ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Egerton, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na leo ina idara inayobeba saikolojia, ushauri nasaha na misingi ya elimu pamoja. Kabarak iko upande wa barabara ya Eldama Ravine, na ilipata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2008. Mjini kwenyewe kuna matawi ya vyuo vingine, na anayetaka saikolojia iliyo karibu na udaktari anaweza kuangalia Moi, kule Eldoret.

Programu hizi zina majina yanayofanana lakini ndani zinatofautiana sana. Moja itakuwa saikolojia ya jumla, nyingine ushauri nasaha, nyingine saikolojia ya elimu ndani ya shahada ya ualimu. Kwa hivyo usisome jina, soma orodha ya masomo ya miaka yote minne. Kisha nenda idarani, au mpigie simu karani wa idara, uulize mambo matatu. Masomo ya takwimu na mbinu za utafiti ni mangapi? Mafunzo ya nyanjani hufanyika wapi, na nani humsimamia mwanafunzi huko? Je, programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia inaitambua? Ukijibiwa kwa kuzungushwa kwenye swali la tatu, tafuta kwingine. Karo ya miaka minne ni pesa nyingi mno kuwekezwa kwenye cheti kitakachokataliwa.

Hesabu uliyoikimbia Kidato cha Nne

Nimewaona makomredi wakihama kozi kwa sababu ya takwimu, na wengine wakiisukuma mpaka mwaka wa nne kisha kumlipa mtu mjini awakokotolee data ya mradi. Hao wa pili ndio walionisikitisha zaidi. Siku ya kutetea mradi mtahini huuliza swali moja tu, na mwanafunzi anabaki akiangalia jedwali lake mwenyewe kama barua ya lugha asiyoijua.

Takwimu si ngumu kama inavyosemwa. Chukua mfano wa stegi. Tuseme matatu ya kwanza inayokwenda Njoro ilitumia dakika 35 siku ya Jumatatu, 40 Jumanne na 45 Jumatano. Ya pili ilitumia dakika 20, 40 na 60. Wastani wa zote mbili ni dakika 40. Una mtihani saa mbili asubuhi na zimebaki dakika 50. Utapanda ipi? Umeshajibu, na hukuhitaji kalamu. Ya kwanza haikupotoka wastani wake kwa zaidi ya dakika 5. Ya pili hupotoka kwa dakika 20 na inaweza kukuacha nje ya mlango wa mtihani. Kupotoka huko ndiko wanakokupa fomula yake, yenye mraba na kipeuo chake. Wazo lenyewe ulikuwa nalo tangu siku ya kwanza ulipochelewa.

Sasa weka watu mahali pa matatu. Madarasa mawili yana wastani sawa wa alama, lakini la kwanza wote wako karibu karibu, la pili nusu wanapaa na nusu wanazama. Mwalimu anayeangalia wastani peke yake hatawaona wanaozama. Ndiyo maana nakusihi uipende hesabu hii. Bila hiyo utawapita watu wanaohitaji kuonekana.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimetoka katika majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizopata matokeo ya namna hiyo. Baadhi ya unayosoma kitabuni, basi, hayatasimama. Atakayejua kuuliza walipimwa watu wangapi na tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani hatameza kila kitu, wala hatatupa kila kitu.

Kwa vifaa, usisubiri maabara ya kompyuta ya idara ifunguliwe. JASP ni programu ya bure inayofanya karibu kila hesabu utakayohitaji katika shahada ya kwanza. Kitabu cha utangulizi cha OpenStax nacho ni bure kwenye intaneti, kizima, na unaweza kukiweka kwenye simu ukiwa na waifai ya chuo na kukisoma hosteli bila bando.

Soma kama mtu anayejua kumbukumbu inavyofanya kazi

Hapa nitapita upesi, maana jambo ni moja. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, akijipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoroka mapema sana, na kwamba kurudia kwa vipindi hukibakiza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena. Wengine walifunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya wiki moja, waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hivyo, kila mhadhara ukiisha, keti kwenye nyasi nje ya ukumbi, funga daftari, chukua karatasi tupu uandike yaliyosemwa. Dakika kumi zinatosha. Usiku wa kuamkia mtihani, huku baridi ya Njoro ikipenya dirishani, ulale.

Vitabu vilivyoandikwa mbali

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani. Takriban asilimia 96 walitoka nchi tajiri za Magharibi, na asilimia 68 walikuwa Wamarekani. Ukisoma kitabuni kwamba watu hufanya hivi au vile, jiulize mara moja: watu gani? Mara nyingi watakuwa wanafunzi wa chuo fulani huko, waliopewa alama za ziada ili wajaze fomu.

Wapo wanafunzi wanaolijua hilo na kusema saikolojia basi ni ya Wazungu, haituhusu. Nawapinga kwa nguvu zote, kwa sababu sehemu muhimu ya taaluma hii imejengwa kwa kutazama watu wa kwetu. Mary Ainsworth, ambaye jina lake utalikuta kila mahali panapozungumziwa mtoto na mlezi wake, alianza uchunguzi wake Uganda mwaka 1954, akizitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala. Kitabu chake juu ya watoto wale kilitoka mwaka 1967. Mengi yaliyofuata Marekani yalianzia kwenye nyumba zile za Waganda.

Karibu nasi zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi katika jamii ya Wakipsigis kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, mahali wanapopaita Kokwet katika maandishi yao. Madaktari wa wakati ule walizoea kusema kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kukua mwili, kana kwamba ni jambo la damu. Super aliangalia kwa makini zaidi. Watoto wa Kokwet waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwa na uwahi huo. Kwa nini hapa ndiyo na pale sivyo? Akaona akina mama wakiwafundisha watoto kuketi, wengine wakiwachimbia kishimo kifupi ardhini na kuwazungushia blanketi wasianguke, na wakiwashika mikono kuwafunza hatua. Kutambaa hakuna aliyewafundisha. Siri ilikuwa katika malezi. Angalia jinsi jibu lilivyopatikana: kwa kumwangalia mama anachofanya kila siku na kukihesabu. Ukiwa umelelewa Molo, Kuresoi au Bomet, huenda wewe mwenyewe uliketishwa hivyo. Muulize mama, uandike kwenye daftari la pili.

Utakutana pia na jaribio maarufu la peremende, ambalo mtoto anaambiwa akingoja bila kula moja atapewa mbili. Kwa miaka mingi lilifundishwa kama kipimo cha nguvu ya nia. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa Wanso, wakulima wa Kamerun, ambao wao waliwekewa andazi dogo la kwao. Takriban Wanso saba kati ya kumi walingoja. Wajerumani hawakufika hata watatu kati ya kumi. Mtu aliyelelewa kungoja wakubwa waanze kula hatashangaa.

Lakini lijue pia jeraha ambalo taaluma hii ilituachia. Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliifananisha na akili ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau, na uasi ukaelezwa kama fadhaa ya watu waliovurugwa na mabadiliko. Familia zilizofukuzwa Olenguruone, hapa hapa Nakuru, mwishoni mwa miaka ya 1940 zingeweza kumweleza kilichowasumbua kwa neno moja: ardhi. Hakuwa tayari kulisikia. Kila utakapotaka kumpa mtu jina la ugonjwa kabla hujasikia shida yake, mkumbuke Carothers.

Kiazi, fungu, mkebe, ndoo, gunia

Nilipokuwa mwaka wa pili tulitumwa nje na hojaji ya msongo wa mawazo. Tuliitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza, usiku mmoja, kwa kamusi. Nilikwenda soko la Njoro nikamkuta mama mmoja muuza viazi, nikaomba ruhusa, akanionyesha gunia nikalie. Swali la kwanza lilikuwa hivi: je, unakubali kabisa, unakubali, uko katikati, hukubali, au hukubali kabisa kwamba maisha yako yako chini ya udhibiti wako?

Alimfungia mteja viazi kwanza, akapokea pesa, kisha akanigeukia. "Mwanangu, weka hapo katikati."

Swali la pili: katikati. La tatu: katikati. Kufikia la sita niliona aibu. Niliweka karatasi chini nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza mama yangu, "Mama, wiki hii mawazo yamekuwaje?"

Akatazama mbele yake, pale mafungu yalipopangwa. Akaokota kiazi kimoja. "Jumapili yalikuwa haya, nilitoka kanisani." Akasogeza fungu. "Jumatatu haya." Akagonga mkebe wa kupimia. "Jumatano mtoto akafukuzwa karo, yakafika hapa." Kisha akaunyosha mkono akaligusa gunia nililokalia. "Jana usiku ndiyo hili. Sikulala."

Kipimo chenye ngazi tano kilikuwa mbele yangu mchana kutwa: kiazi, fungu, mkebe, ndoo, gunia. Nilikitumia kwa wauzaji wote niliozungumza nao baadaye, na hakuna aliyesema katikati. Mhadhiri wetu alinikata alama, na alikuwa na haki, kwa kuwa ukibadilisha kipimo kazi ikiwa katikati huwezi kulinganisha majibu ya mwanzo na ya mwisho. Nilipaswa kuijaribu hojaji kwa watu watano au sita kwanza, niwasikilize wakiielewa vibaya, niirekebishe, ndipo nianze kazi yenyewe. Fanya hivyo kila mara. Mpe mtu mmoja aitafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya awali airudishe kwa Kiingereza, na ulinganishe. Hojaji ya maswali tisa inayotumiwa duniani kote kupima sonona ilijaribiwa magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Hata kipimo maarufu hakikuaminiwa hapa kabla ya kujaribiwa hapa.

Na sikiliza neno lenyewe. Mkenya akisema "nina mawazo", hasemi kwamba anafikiri, anasema amelemewa. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiria kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda aliijenga juu ya neno hilo huduma yake ya akina nyanya wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Daftari lako la pili likijaa maneno kama hayo, ya Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiturkana au lugha yoyote ya nyumbani kwenu, litakuwa hazina ambayo maktaba ya chuo haina.

Kwa aliyekuja na jeraha lake

Nilisema nitakurudia. Katika nchi hii wengi wetu tumebeba kitu. Kama ulizaliwa Nakuru kabla ya 2008, huenda familia yako ililala uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa 2007. Huenda unatoka Solai, ambako bwawa lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, au Mai Mahiu, ambako maji yalikuja kabla ya alfajiri tarehe 29 Aprili 2024. Au ni jambo la ndani ya nyumba ambalo hakuna gazeti lililoliandika.

Kozi haitakuponya. Itakupa majina ya yaliyokupata, na majina hayo mara nyingine huamsha maumivu kabla ya kuyatuliza. Ukifika kwenye somo la magonjwa ya akili utajikuta na kila ugonjwa, na utamwona mwenzako wa chumbani ana mitatu. Hilo huwapata wengi, hata wanafunzi wa udaktari, na hupita. Lakini usingizi ukikata kwa wiki nzima, chakula kikakukinai, au ukaanza kuona heri usingekuwepo, usingoje mhadhara wa sura hiyo. Nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo siku hiyohiyo, au hospitali kuu ya Nakuru ambayo wakazi bado wanaiita PGH. Usimfanye rafiki yako wa darasani kuwa tabibu wako, wala usikubali kufanywa tabibu wa hosteli nzima. Mtu akikuletea siri nzito mwaka wa kwanza, msikilize, mshukuru kwa kukuamini, umsindikize kwa mwenye mafunzo. Nenda naye mpaka mlangoni, maana ukimwelekeza tu huenda asifike.

Shahada ya kwanza inakupeleka wapi

Niseme wazi kile ambacho matangazo ya vyuo hayasemi kwa sauti. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtabibu. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayetoa huduma hiyo awe amesajiliwa na bodi, na anayetaka kutibu watu kama mwanasaikolojia wa kitabibu kwa kawaida huhitaji shahada ya uzamili na saa nyingi za kusimamiwa. Usichapishe kadi yenye jina "mwanasaikolojia" wiki ya kuhitimu.

Hata hivyo, kazi zipo. Mashamba ya maua ya Naivasha yanaajiri maelfu, na idara zao za wafanyakazi zinahitaji mtu anayejua uchovu, migogoro na motisha kwa vipimo na si kwa kubahatisha. Magereza, makao ya watoto, mashirika ya misaada, shule na kampuni za utafiti wa soko huchukua wahitimu. Ukichagua mafunzo ya nyanjani, chagua mahali utakapofanya kazi ya kweli hata kama ni mbali, usichague ofisi ya mjomba utakapopika chai. Na jifunze sheria. Mpaka juzi mtu aliyejaribu kujiua na akaokolewa angeweza kushtakiwa kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Wapo wagonjwa na polisi ambao bado hawajapata habari hiyo, na utakuwa na kazi ya kuwaeleza.

Mwaka wa nne utafanya mradi. Chagua swali dogo unaloweza kulipima kwa nauli uliyo nayo. Pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo na, inapohitajika, cha NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti, kabla hujamuuliza mtu swali la kwanza. Ukichunguza watoto, idhini ya mzazi ni lazima. Ficha majina, funga data kwa nywila, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka.

Ukishautetea na kufunga jalada, jambo moja huachwa na karibu kila mtu. Mradi hubaki kwenye rafu ya idara, kwa Kiingereza, na waliokupa saa zao hawasikii tena habari zako. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili: uliuliza nini, ulipata nini, unashauri nini. Toa nakala kumi pale nje ya geti la chuo, panda matatu, uwapelekee, ukae nao wakikusomea makosa yako. Gharama yake haifiki shilingi mia tano, nauli ikiwemo.